Pete za Kurefusha Lenzi: Uzoefu Wangu na Viwavi wa Mndimu, Kisauni

Nyuma ya nyumba yetu Kisauni pana mndimu ambao vipepeo wa jamii ya Papilio demodocus huupenda sana kwa kutagia, na ni kwa ajili ya viwavi wao nilinunua seti ya pete za kurefusha lenzi, za milimita 12, 20 na 36. Pete hizi hazina kioo ndani. Kazi yake ni kuiweka lenzi mbali zaidi na kamera ili iweze kulenga kitu kilicho karibu mno. Nikizifunga zote tatu nyuma ya lenzi yangu ya milimita 50, sura ya kiwavi huangukia kihisi cha kamera ikiwa kubwa kuliko kiwavi mwenyewe.

Ubora wa picha umeniridhisha kabisa. Kiwavi mchanga wa kipepeo huyu, mwenye rangi ya hudhurungi na baka jeupe, hudhaniwa kuwa kinyesi cha ndege kilichoangukia jani, lakini kupitia pete hizi naona vijiba vya ngozi yake na matundu ya kupumulia yaliyopangika ubavuni. Akishakua na kugeuka kijani, hutoa nyuma ya kichwa kiungo laini chenye umbo la panda na harufu kali kila anapohisi adui. Simchokozi kwa ajili ya picha, kwa kuwa majimoto, wale sisimizi wakali, waliomo mtini humchokoza vya kutosha, nami hungoja.

Tatizo ni mwanga. Kadiri pete zinavyoongezwa ndivyo picha inavyoingia giza, na sehemu inayoonekana wazi huwa nyembamba mno, hata macho yakitoka vizuri mgongo hufifia. Kwa hiyo hupunguza tundu la lenzi hadi kipimo cha f/11 ili sehemu iliyo wazi iongezeke, na kufidia giza kwa flashi niliyoifunika karatasi nyeupe, tena mapema asubuhi, kwani msimu wa upepo wa kusi jua likishapanda jani halitulii.

Anayetaka kununua ahakikishe pete zina vipande vya madini vinavyopitisha umeme kati ya kamera na lenzi. Zile za bei ya chini kabisa hazina, na lenzi nyingi za kisasa zikifungwa juu yake haziruhusu kubadilisha tundu. Seti yangu inavyo, nami huvifuta kwa kitambaa kikavu kila baada ya kazi kwa sababu ya hewa yetu ya chumvi.