Gari Kuukuu Nairobi: Nimwendee Nani Kwanza?

Ukiniuliza uchukue Toyota Fielder au Nissan Note, nitakujibu kwa swali: linauzwa na nani? Injini ya 1NZ ya Toyota Probox na Fielder ni ngumu kufa, lakini asiyebadilisha oili huiua vilevile. Kwa hiyo hapa napanga wauzaji, si modeli.

Wa kwanza ni mmiliki mmoja aliyelitumia hapa nchini: jirani, mwenzako kazini, mtu wa kanisani kwenu. Muulize gereji yake, kisha uende huko. Fundi wake atakwambia mengi kuliko yeye. Mwambie mwenye gari asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa boneti. Likiwa na joto, ahirisha hadi kesho asubuhi, maana injini baridi haifichi kitu. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma, na maji ya radiata yanapungua, hiyo huwa ni gasketi ya silinda. Geuza ufunguo bila kuwasha: taa ya injini lazima iwake, kisha izime injini ikishanguruma. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameizima makusudi. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake. Ukikuta tope kavu, gari liliwahi kuzama, na sote tunaikumbuka mvua ya Aprili 2024.

Halafu gia. Note na vigari vingi vidogo hutumia CVT, gia ya otomatiki inayotumia mkanda badala ya meno, ambayo ina oili yake maalumu. Wapo mafundi wanaomimina ile ya kawaida. Endesha nusu saa hadi lipate moto, upande nalo kuelekea Limuru. Likitetemeka unapoondoka, au injini ikipiga kelele na mwendo hauongezeki, rudisha ufunguo.

Wa pili, agiza mwenyewe kutoka Japani. Gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza haliruhusiwi kuingia, na hukaguliwa kabla ya kupakiwa melini. Dai karatasi ya mnada, ile ya Japani inayoeleza hali ya gari. Gredi 4 au 4.5 ni nzuri. Herufi R ina maana liligongwa likatengenezwa. Ubaya wake ni kwamba unalipa kabla ya kuligusa, kisha unangoja meli na ushuru Mombasa.

Yadi za Ngong Road na Kiambu Road naziweka nafasi ya tatu. Huko magari hung'arishwa hadi ujione meno. Mimi niliwahi kununua yadini gari lililosoma kilomita 68,000 huku raba ya pedali ya breki imelika kama ndala ya mlinzi, ishara kwamba lilitembea zaidi ya hapo. Niliiona, nikanyamaza kwa sababu ya rangi. Gia iligoma mwezi wa tatu. Siku hizi naenda na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa: isiponata kwenye mlango, chini ya rangi kuna puti ya kuzibia palipogongwa. Bampa usihangaike nayo, ni plastiki.

Mnada wa magari yaliyotwaliwa na benki ni wa nne. Bei ni tamu, lakini aliyelemewa na mkopo huanza kuruka servisi kabla ya kuruka malipo, na mara nyingi huruhusiwi kuliendesha.

Wa mwisho ni dalali wa kukutana naye kituo cha mafuta, logbuku, yaani hati ya umiliki, "iko kwa mwenyewe". Huyo mpite.

Kwa wote, tafuta rekodi ya gari kwa NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali; ni shilingi mia chache tu. Jina la benki likitokea pale, huenda deni bado lipo. Linganisha namba ya chasisi kwenye gari na ya kwenye logbuku, tarakimu kwa tarakimu.

Na fundi umlete wewe. Yule anayejitokeza tu yadini na spana mkononi, mshukuru, umwombe akuonyeshe choo kiko wapi.