Vifuko vya Kubana Nguo vya Zipu Mbili: Nafasi Huongezeka, Uzito Haupungui

Seti ninayoizungumzia ina vifuko sita vya poliesta: vitano vya mstatili vya ukubwa tofauti, na kimoja kilichopakwa utando usiopitisha maji. Kila kimoja kati ya vile vitano kina zipu mbili. Ya kwanza hufunga mdomo wa kifuko kwa namna ya kawaida, na ya pili, inayozunguka ubavuni, huzivuta pande mbili za kitambaa zikaribiane hadi hewa iliyojificha katikati ya nguo itoke. Niliinunua Kariakoo kwa shilingi 38,000, baada ya kupatana bei, kwa ajili ya likizo ya familia iliyoanzia Lushoto na kumalizikia Pangani, na ratiba hiyo ndiyo iliyowezesha seti hii kupimwa ipasavyo, kwa kuwa mwezi wa Julai milima ya Usambara hudai masweta na majaketi, ilhali pwani hudai kanga, fulana na nguo za kuogelea.

Kwa nguo za baridi, vifuko hivi vinatimiza kilichoahidiwa. Sweta nene na jaketi lenye pamba ndani vimejaa hewa, na hewa hiyo hiyo ndiyo inayomkinga mvaaji na ubaridi. Zipu ya pili inapoisukuma nje, kifuko kilichokuwa kimevimba hupungua hadi kukaribia nusu ya unene wake wa awali. Masweta ya watu wanne, ambayo peke yake yangejaza begi moja la magurudumu, yaliingia katika vifuko viwili vikubwa na kuacha upande mzima wa begi ukiwa wazi kwa viatu na taulo.

Habari ya nguo za pwani ni nyingine. Doti ya kanga ikikunjwa vizuri huwa tayari imelala, na dera, kanzu au shati jepesi la pamba havina hewa ya kutosha kutolewa, kwa hiyo unachokipata kwa kukaza zipu ya pili ni mikunjo mikali inayodai pasi mara tu unapofika. Suruali za jinzi nazo hazibaniki, kwa sababu ufumaji wake ni mzito na umeshikana, na nguvu unayoitumia kuzilazimisha huishia kwenye meno ya zipu. Nguo za namna hii nilizikunja kwa kuviringisha, nikazipanga zikiwa zimesimama ndani ya kifuko, nikafunga zipu ya kwanza tu. Hazikuchukua nafasi kubwa zaidi, na zilitoka zikivalika.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji, na ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote, ni uzito. Muuzaji wangu alisisitiza kwamba begi lile lile sasa litabeba nguo mara mbili, jambo ambalo ni rahisi kulisema kwa mtu ambaye si yeye atakayelibeba. Mzigo wa mwenzio, wahenga walishasema, ni kanda la usufi. Kubana nguo huondoa hewa, na uzito hubaki ule ule, kwa hiyo anayejaza nafasi iliyopatikana hujiongezea kilo bila kuziona. Ndani ya basi la kwenda Lushoto hilo halikutusumbua, kwa kuwa buti la basi hupokea karibu kila kitu. Lakini tulirudi Dar es Salaam kwa ndege ndogo kutoka Tanga kupitia Unguja, na katika safari za namna hiyo kikomo cha kawaida ni kilo 15 kwa abiria, tena abiria huombwa kutumia mabegi laini badala ya masanduku magumu, kwa sababu sehemu ya mizigo ni finyu. Hata katika ndege kubwa za kimataifa, ambako abiria wa daraja la kawaida mara nyingi huruhusiwa begi la kilo 23, kinachokwamisha watu kwenye meza ya kupokelea mizigo ni mizani kuliko ukubwa wa begi. Anayenunua vifuko hivi na anunue pia mizani ndogo ya kuning'iniza, kwa kuwa kimoja bila kingine ni mtego.

Nilichokipenda kuliko ubanaji wenyewe ni mpangilio. Upande wa juu wa kila kifuko cha mstatili una dirisha la wavu linaloonyesha kilichomo, na kila mtoto alipewa kifuko chake, hivyo tulipolala usiku mmoja tu katika nyumba ya wageni hatukulazimika kulimwaga begi zima kitandani ili kutafuta soksi. Vifuko vya pwani vilikaa chini ya begi, havikuguswa hadi tulipoteremka Mombo na kushika njia ya Tanga.

Kile kifuko cha sita, ambacho kwenye tangazo la bidhaa hakitajwi sana, ndicho kilichofanya kazi kubwa Pangani. Zamani nguo za kuogelea zilizolowa ziliviringishwa kwenye rambo, yaani mifuko ya plastiki, na mifuko hiyo ilipopigwa marufuku Tanzania kuanzia tarehe 1 Juni 2019, wengi wetu tulibaki bila kitu cha kuzitenga na nguo kavu. Utando wa kifuko hiki ulizuia maji vizuri, hata yale ya chumvi, ila kisiachwe kimefungwa usiku kucha, kwani harufu inayotoka asubuhi yake haielezeki.

Kwa upande wa ushonaji, sifa yangu ina mipaka. Kitambaa ni chepesi na imara kiasi cha kuridhisha, lakini zipu ni nyembamba, za aina ambayo mafundi cherehani huziita namba 3, na kwenye pembe ndipo zinapoumia, kwa sababu pale zipu hupinda huku ikiwa imekazwa. Kifuko kikubwa kimoja kilianza kuachia meno kabla likizo haijaisha. Fundi wa mtaani aliibadilisha zipu yake kwa kuweka namba 5, na tangu hapo hakijasumbua. Unapofunga, shikanisha pande mbili za kitambaa kwa vidole mbele ya kichwa cha zipu kabla ya kukivuta. Kukivuta kwa nguvu peke yake ndiko kunakokiharibu.

Kuna watakaoshawishika na ile mifuko ya plastiki inayofyonzwa hewa kwa mashine. Hiyo hubana zaidi, lakini siku ya kurudi utaihitaji mashine tena, na nyumba nyingi za wageni hazina.

Kwa msafiri wa Njombe, Mbeya au Lushoto katika miezi ya baridi, shilingi 38,000 ni bei ya haki. Kwa anayekwenda ufukweni moja kwa moja, ningemshauri amwombe muuzaji vipande viwili tu, kimoja cha kati cha wavu na kile kisichopitisha maji; baadhi ya maduka ya Kariakoo hukubali kuvunja seti, hasa ukifika mapema asubuhi.