Kiingilio cha Jumanne na cha Jumapili kwenye bustani ya michezo ya maji

Bustani hii iko kando ya barabara ya Entebbe, na kiingilio chake ni shilingi 15,000 Jumanne na 35,000 Jumapili. Mpango wa namna hii umezoeleka katika vituo vya kuteleza kwenye theluji: kule Vail, Marekani, tiketi ya siku moja inayonunuliwa dirishani msimu wa kilele imevuka dola 300, ilhali wanaolipia mapema pasi ya msimu iitwayo Epic Pass, iliyoanza mwaka 2008, hupata nafuu kubwa kwa kila siku wanayokwenda. Shabaha ya kushusha bei siku kama Jumanne ni kuwavuta wageni kwenye siku zilizopoa.

Hapa kwetu, Jumanne nilikuta waogeleaji tisa tu, na maji yalikuwa safi hata vigae vya chini vikihesabika. Jumapili, licha ya bei hiyo, nilisimama dakika 40 kwenye ngazi za bomba la kuteleza, kwa sababu mzazi mwenye watoto wa shule (nami nikiwamo) hana siku nyingine ya kuwaleta. Kinachoudhi zaidi ni kwamba bei hiyo ya Jumapili haikubandikwa getini. Niliifahamu nilipokuwa nimekwisha kutuma pesa kwa simu.