Bayogesi ya kinyesi cha nguruwe hapa Mpunguzi, Dodoma: uzoefu wangu

Kama una nguruwe wakubwa wasiopungua kumi na maji ya uhakika ya kukorogea kinyesi, jenga mtambo wa bayogesi, yaani gesi ya kupikia inayotokana na kinyesi kinachooza. Kama maji unanunua kwa dumu, subiri kwanza. Nasema hivyo baada ya kupikia gesi hii kiangazi na kifuku.

Mtambo wangu ni wa mita za ujazo 9: kuba la tofali na saruji lililozikwa ardhini, mfano uliosambazwa sana na CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini kilichopo Arusha. Hauna pampu wala umeme. Gesi ikijikusanya ndani ya kuba, sehemu ya juu, inalisukuma tope la kinyesi lipande kwenye tangi la kutokea, na ukifungua jiko, uzito wa tope hilo ndio unaoisukuma gesi mpaka jikoni. Napenda sana ufundi huu.

Nguruwe mkubwa hutoa kinyesi cha kilo 2 hadi 3 kwa siku, na jiko moja hula lita 300 hadi 400 za gesi kwa saa. Kwa banda langu, chai, ugali na mboga vinaiva bila mkaa, na maharage pia tukiyaloweka usiku. Mke wangu hakohoi tena jikoni, na hilo peke yake lingetosha kunifanya nijenge. Juni na Julai, usiku wa Dodoma unapokuwa na baridi, gesi hupungua, kwa sababu bakteria wanaoitengeneza hupenda joto la karibu nyuzi 35. Miezi hiyo mkaa kidogo tunaweka akiba.

Wengi wanakwama kwenye kuulisha mtambo. Uanze kwa samadi ya ng'ombe, maana bakteria wanaotakiwa tayari wamo. Kinyesi cha nguruwe kina naitrojeni nyingi. Kikiwa peke yake, naitrojeni hiyo huzalisha amonia nyingi na bakteria hudhoofika. Mimi nachanganya na machicha ya pombe ya mtama na mboga zilizooza kutoka soko la Majengo. Machicha ya zabibu tunayo tele huku, ila yana asidi na mbegu zake ngumu haziozi upesi, kwa hiyo natia kidogo kidogo. Majani makavu na mabua usitie kabisa. Yanaelea na kufanya utando mgumu. Na siku ya kuosha banda kwa dawa ya kuua vijidudu, maji yale yaelekezwe kwingine. Dawa haichagui bakteria.

Lalamiko langu ni juu ya fundi aliyelaza bomba. Hakuweka mtego wa maji sehemu ya chini kabisa, basi mvuke ukageuka maji humo na moto ukawa unarukaruka na kuzimika. Ilibidi fundi mwingine afukue na kuweka koki ya kutolea maji. Kabla ya kulipa, mwambie fundi akuonyeshe koki hiyo. Dai pia kopo la vipande vya chuma chenye kutu kabla ya jiko: linanasa ile gesi yenye harufu ya yai viza, ambayo hula vichwa vya jiko na si salama kuivuta.

Kilichonifurahisha kuliko moto ni tope linalotoka. Harufu ya banda imepungua sana, na mizabibu niliyoimwagia tope imechipua vizuri kuliko ile ya samadi kavu. Nalifukia kwenye shina. Kwenye mboga zinazoliwa mbichi silitii, kwa sababu mayai ya minyoo yanaweza kubaki hai humo.

Jambo la mwisho ni homa ya nguruwe ya Afrika. Haina tiba, na ikiingia bandani unaweza kupoteza kundi zima, na mtambo nao ukalala njaa. Ndiyo maana nimebakiza ng'ombe wawili, ingawa bei ya kitimoto inanishawishi kila siku niwauze niongeze nguruwe.