Usiku mmoja ukingoni mwa Menengai: uzoefu wangu

Nilikwenda kwa sababu ya mjomba wangu. Mwaka 1976, akiwa na miaka kumi na mmoja, alishuka ndani ya shimo la volkano la Menengai akifuata mbuzi wawili, akaonekana siku ya tatu upande wa Rongai, midomo imepasuka, hana shati, mbuzi hakuna. Mpaka leo hajatusimulia alikokuwa. Nyanya alikuwa akisema tu kwamba alichukuliwa, na kwetu Nakuru neno hilo likitajwa pamoja na Menengai hakuna anayeuliza zaidi. Kwa hiyo rafiki aliponitumia tangazo la kulala kwenye shamba moja juu kabisa ya ukingo, "usiku na mizimu na wageni wa angani", nililipa siku hiyo hiyo. Ilikuwa shilingi 4,500 kwa mtu: hema, chakula cha jioni, chai ya asubuhi na mzee wa kutuongoza. Tulikuwa wageni saba, Jumamosi tarehe 25 Januari 2025.

Nianze na lililoniudhi. Tangazo linaliita shamba hilo "Skinwalker ya Bonde la Ufa", jina la kuazima kutoka ranchi ya Utah, Marekani, ile ya ekari 512 ambayo tajiri Robert Bigelow aliinunua mwaka 1996 baada ya familia iliyoishi pale kusimulia habari za taa za ajabu angani na ng'ombe waliokutwa wamekatwakatwa. Chini ya jina hilo wameweka picha ya ile pete ya chuma iliyoanguka kijijini Mukuku, Makueni, tarehe 30 Desemba 2024, na maneno "ushahidi umefika Kenya". Pete ile ina kilo 500 hivi na upana wa mita mbili na nusu, na Shirika la Anga la Kenya lilieleza mapema kwamba ni kipande cha roketi. Kumvuta mteja kwa picha hiyo ni kumdanganya. Tena Menengai ina habari zake, za kale na nzito, na wenye kambi wanazijua vizuri kuliko mimi. Za Utah za nini?

Kufika ni rahisi. Kutoka mjini ni kilomita kumi hivi, na boda boda anakupandisha mpaka langoni ingawa sehemu ya mwisho ina vumbi la kukata pumzi. Mahema ni safi. Blanketi wanakupa mawili, omba la tatu, kwa sababu uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari na upepo wa usiku haukuhurumii. Chakula kilikuwa mukimo na mbuzi wa kuchoma, cha kutosha. Choo ni cha shimo, kisafi, lakini kiko mbali na njia haina mwanga, kwa hiyo beba tochi.

Sasa mzee. Yeye ndiye huduma yenyewe. Baba yake alichunga ng'ombe wa masetla chini ya mlima huu, na yeye mwenyewe amezeeka papo hapo. Alingoja tumalize kula, akakaa kwenye kigoda na kutusimulia polepole, bila kupandisha sauti mahali pa kutisha kama wafanyavyo waongozaji wengine. Alitueleza vita vya Wamaasai kwa Wamaasai, Ilpurko na Ilaikipiak, vya karne ya 19, na jinsi walioshindwa walivyosukumwa kutoka ukingoni, pale pale tulipokuwa tumeota moto. Ndiyo maana watu husema jina Menengai linahusu wafu, na kwamba mvuke unaopenya kwenye miamba ni roho za wale morani zinatafuta njia ya kwenda juu. Wakikuyu wanauita Kirima kia Ngoma, mlima wa mizimu. Akatusimulia Shamba la Shetani, kipande cha ardhi huko sakafuni ambako watu huapa waliona ngano ikilimwa na kuvunwa bila mkulima. Mwisho akatusimulia mwavuli, ambao husemekana huonekana mvua inapoanza, ukielea juu ya shimo bila mkono wa kuushika.

Kijana mmoja aliuliza kama hizo si hadithi tu. Mzee akamjibu, "Mwanangu, hapa walikufa watu. Ukianza na hilo, mengine utayasikiliza kwa adabu." Kimya kikapita hapo. Niliona aibu kwa ajili ya lile tangazo.

Halafu tukageukia anga, na hapa mjukuu wake akaja na darubini ndogo ya miguu mitatu. Mwezi ulikuwa bado kuchomoza na anga ilikuwa safi, kama ilivyo kawaida ya Januari. Upande wa magharibi palikuwa na taa moja nyeupe, kali, imesimama tuli juu ya shimo. Mgeni mmoja alikuwa ameshairekodi kwa simu tangu jua lizame, ana hakika inatuangalia. Ilikuwa sayari ya Zuhura. Kwenye darubini haikuwa nukta bali kinusu, kama mwezi mdogo, na jirani yake alikuwepo Zohali, mnyonge kidogo. Juu ya vichwa vyetu Mshtarii aling'aa si mbali na kundi la nyota la Kilimia, na kwa darubini ile niliviona vijimwezi vyake vinne vimejipanga mstari. Mirihi alikuwa mwekundu upande wa mashariki. Nimejua majina haya tangu shuleni, na ule msemo wa Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua niliukariri nikiwa mdogo, lakini hakuna aliyewahi kunionyesha kwa kidole. Nina miaka thelathini na nane.

Kijana alitufundisha pia kutofautisha. Ndege ina taa zinazopepesa. Setilaiti ni nukta isiyopepesa, inapita kimya na kuzimika ghafla ikiingia kwenye kivuli cha dunia. Setilaiti za Starlink, zile za intaneti, zikiwa zimetoka kurushwa huonekana kama shanga zimetungwa kwenye uzi, na hizo ndizo zinazoleta simu nyingi za hofu kambini. Usiku ule tulihesabu nukta tisa kabla ya saa mbili na nusu, wala hakuna sahani ya wageni wa angani. Dada mmoja wa Seme, karibu na Kisumu, akasema kwao usiku wa giza ziwa huwaka kama mji kwa taa za wavuvi wa omena, na utotoni aliambiwa ni mizimu ili asithubutu kushuka ufukoni peke yake.

Kasoro ya pili ndiyo hiyo: taa ya ulinzi jikoni ilikuwa inawaka muda wote. Macho huhitaji karibu nusu saa kuzoea giza, na kila mtu alipopita kuchukua chai tulirudi mwanzo. Waizime au waifunike.

Saa tisa usiku niliamshwa na sauti. Ilitoka chini, ya watu wengi, kama kilio kinachopanda na kushuka. Mwili ulinisisimka wote. Nilipotoka nje niliona taa tatu ndogo zinasogea polepole sana huko kwenye weusi wa shimo. Mzee alikuwa ameshasimama na fimbo yake. "Waombaji hao, mama," akaniambia. "Hushuka mapangoni kufunga na kuomba." Nilibaki naye pale mpaka wimbo ukaisha. Asubuhi tulikutana nao wanapanda, akina mama wenye mitungi ya maji na mablanketi mgongoni, wakatusalimia.

Baada ya chai mzee alitushusha kwa mwendo wa nusu saa tu. Shimo lina upana wa kilomita kumi na mbili kwa nane, na sakafu yake ni lava nyeusi, kali kama chupa iliyovunjika, imeota vichaka vya leleshwa. Mbali kidogo visima vya mvuke vilivyoanza kuchimbwa mwaka 2011 vilikuwa vinanguruma. Ukungu ukaingia. Nilipogeuka kuutazama ukingo haukuwepo, na kila jiwe lilifanana na ndugu yake. Hatua ishirini kutoka kwa wenzangu sikujua nimetoka wapi. Nikamweleza mzee habari za mjomba. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema mtoto hapa huzunguka mahali pamoja akidhani anasonga mbele, kiu ikimpata hupanda kokote anakoweza. "Sidhani alichukuliwa. Lakini usimpigie simu kumwambia hivyo. Muulize kwanza aliona nini."

Nawapa nyota nne kati ya tano. Moja nimeitoa kwa ajili ya tangazo na ile taa ya jikoni, na nimewaandikia moja kwa moja kuhusu yote mawili. Nenda kwa ajili ya mzee na anga. Ukienda kutafuta visahani utarudi na picha za Zuhura.

Nilimpigia mjomba nikiwa bado ukingoni. Nilimwambia nilipo na nikamuuliza alivyofundishwa kuuliza. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akauliza kama usiku kulinyesha.

"Hapana, mjomba. Januari ni kavu."

"Basi twende Aprili," akasema.

Nimeshaweka nafasi ya watu wawili.