Kuseti gari Gran Turismo 7, miezi minne na RX-7 moja tu

Hii si rivyuu ya gemu nzima, hii gemu ya mbio za magari ilitoka Machi 2022 na watu washaisema sana. Nataka kuzungumzia ile sehemu ya kuseti gari peke yake, yenye springi na difu (inayogawa nguvu ya injini kwa tairi mbili) na mambo ya tairi, kwa sababu vijana wengi ninaocheza nao huku Kisauni wanaipita kama haipo. Wakipata pesa za kwenye gemu wote mbio kwenye tabo (ile ya kuongezea injini nguvu), halafu gari haishikiki wanaiuza wanatafuta nyingine. Mimi pia nlianza hivyo hivyo.

Gari yangu ni Mazda RX-7 Spirit R ya 2002, naipenda tangu niko mdogo. Nkaitia tabo, nkaipunguza uzito, nkaivisha tairi za Sports Soft. Mbio ilikuwa nayo wallahi, lakini kwenye Suzuka, uwanja wa mbio wa Japani, kila nikitoka ile kona kali ya kugeuza, nikikanyaga mafuta tu mkia unatoka, nazunguka mzima naangalia nlikotoka. Na Suzuka ni kilomita 5.8, ukiharibu hapo lapu yote ishakwenda.

Kuna mtu mtandaoni anauza setapu, yaani namba zake za kuseti gari, nkamtumia shilingi 500 akanitumia picha ya namba zote. Nkazinakili moja moja, gari ikawa mbaya kuliko mwanzo. Baadaye ndo nkagundua zile namba ni za tairi za resi, tena yeye anatumia usukani wa kuchomeka na mimi niko na kontrola. Kwa hivyo ushauri wangu wa kwanza, usinunue setapu ya mtu, hata kama gari ni ile ile.

Aliyenifungua macho ni ami yangu, ambaye hajawahi kushika kontrola. Yeye ni fundi wa alainmenti, kazi yake siku nzima ni kunyoosha tairi za magari ya watu. Alikuja kwetu usiku baada ya isha, akaketi na kahawa yake akanitazama nikizunguka mara tatu kona ile ile. Akauliza, "Hiyo gari inasukuma na tairi za nyuma?" Nkamwambia ndiyo ami. Akavua ndara zake akaziweka sakafuni sambamba, halafu kwa kidole akazigeuza kidogo sana mpaka ncha za mbele zikawa zinatazamana. "Tairi za nyuma zikikaa hivi gari hutulia, mwanangu." Akazigeuza ncha zitazame nje. "Zikikaa hivi inatafuta pa kukutupa." Halafu akaniambia neno ambalo sahi ndo naliishi: guza kitu kimoja, endesha, usiguze cha pili mpaka ujue cha kwanza kimefanya nini.

Basi nkaanza upya. Tairi za nyuma nkazigeuza ndani 0.20, nkapiga lapu tano, ikatulia kidogo kwenye kona za kasi lakini ile kona ya kugeuza bado. Nkashusha anti-roll baa ya nyuma, kile chuma kinachozuia gari kulala upande kwenye kona, kutoka 7 hadi 4 (inakwenda 1 mpaka 10), hapo nkaanza kuhisi matako ya gari yanakaa chini. Lakini dawa yenyewe ilikuwa difu. Ile slaida ya difu ya wakati wa kukanyaga mafuta nlikuwa nimeiweka 40 nikidhani kushika sana ndo vizuri, kumbe difu ikifunga sana tairi mbili za nyuma zinalazimika kuzunguka pamoja, zikiteleza zinateleza zote na mkia unakwenda. Nkaiteremsha mpaka 18. Sasa nikizidisha mafuta inayoteleza ni tairi ya ndani peke yake, ile ya nje iliyobeba uzito inabaki imeshika lami, na mimi napata nafasi ya kuachia kidogo. Yaani unaihisi kabisa kwenye mtetemo wa kontrola, na hapo ndo nkajua waliotengeneza hii gemu wanayajua magari.

Slaida ya difu ya wakati wa breki ukiipandisha gari inanyooka ukifunga breki, ila ukizidisha pua inakataa kuingia kona. Gia nlirefusha ya mwisho tu maana injini ilikuwa inafika kikomo kabla ya 130R, ile kona ya kasi karibu na mwisho wa lapu ya Suzuka.

Ujue slaida hizi hazifunguki bure, lazima ununue kwanza saspensheni na difu za kurekebishika huko dukani kwa gemu. Zinunue kabla ya tabo, tafadhali, mimi nlifanya kinyume nkapoteza wiki nzima. Na uwe na bando, gemu haisevu bila intaneti. Nachopenda zaidi ni kwamba unaweza kuweka karatasi tofauti za seti kwa gari moja, mimi nina ya Suzuka na ya Tsukuba, uwanja mwingine, naifungua tu naenda.

Nlikuwa napiga 2:19 Suzuka, sahi niko 2:14 kwa gari ile ile, tairi zile zile, bila kuongeza nguvu hata kidogo. Kinachobaki ni zile kona za nyoka za mwanzo, pua bado inachelewa kwenye ya tatu. Anti-roll ya mbele nimeishusha kutoka 6 hadi 5, leo usiku nikitoka kazini najaribu hiyo peke yake.