Arifureta: zile sura za shimoni bado zinanisumbua

Aisee hii riwaya ya Ryo Shirakome, aliyoanza kuiposti mtandaoni 2013, mwanzo wake ni mkali kinoma. Hajime, dogo mpole anayedharauliwa na darasa lake, anavutwa pamoja nalo kwenda dunia nyingine ya uchawi, huko anawaokoa wenzake halafu Hiyama, mmoja wa wanadarasa hao, anamlipua makusudi kwa uchawi, anadondoka shimoni, dubu la huko linamla mkono wa kushoto na yeye anabaki kula nyama ya mazimwi ili asife, yaani nilisoma huku moyo unanienda mbio. Ila ukingoja kisasi cha haraka utachoka, akitoka anachotaka ni kurudi kwao Japani tu, mi hapo ndo nilimwelewa zaidi. Baadaye wasichana wanaanza kumzunguka na lile giza linapotea, hiyo iliniuma kweli.